Samahani, Mkono wa Kushoto

Siku Mwalimu Mkuu Chambulikasi aliponipa adhabu ya kusafisha mirija ya panya, alidhani ananifundisha unyenyekevu. Alisema hivyo mbele ya gwaride la asubuhi, mikono nyuma, kidevu juu, kama jenerali ambaye vita vyake vyote vilipiganwa na watu wengine.

“Semeni Kobelo,” alisema, “wewe ni mtu wa mzaha. Panya hawana mzaha. Nenda ukajifunze kwao.”

“Ndiyo, mwalimu,” nikajibu, kwa ile sauti tunayoijua sisi wa bweni, ambayo haivunji kanuni yoyote na haikubali chochote.

Kosa langu lilikuwa dogo. Nilikuwa nimeipachika sanamu ya mwanzilishi wa shule sharubu za panya, zilizosukwa kwa nyuzi za katani, kwa ustadi ambao mwalimu wa sanaa aliusifu kabla ya kukumbuka kwamba yeye ni mwalimu.

Nikapewa ndoo na brashi. Rafiki sikupewa; Tupokigwe alikuja mwenyewe, akageuza ndoo ya pili, akaketi. Tupo anatoka Kisegese, bonde la ng’ambo ya milima, na anaamini kwamba kazi ikifanywa na mtu mwingine ni burudani.

“Sugua vizuri,” alisema. “Taifa linakutegemea.”

Hakukosea sana. Mrija wenyewe ni bomba la kioo, jembamba kama kidole gumba, lenye punje za mtama mwisho wake. Kichwa cha panya hakipiti. Mkono wake mmoja unapita. Panya huchutama, huingiza mkono, huvuta punje. Juu ya mdomo wa mrija kuna jicho dogo la kioo ambalo kazi yake duniani ni kuandika neno moja kati ya mawili: kulia, kushoto. Jicho huzungumza na Mizani, ile mashine iliyoko mjini. Mizani huzungumza na serikali. Serikali haizungumzi na mtu.

Haya yote yalianza baada ya Mwaka wa Meno. Nilikuwa na miaka sita. Panya walikula mpunga shambani, kisha mpunga ghalani, kisha magunia, kisha sabuni ya mche, kisha kamba za viatu vya baba akiwa amevivaa, amelala. Asubuhi mama alituamsha ili atukague vidole vya miguu. Wataalamu walipokuja, walikuta jambo ambalo hata wao waliona aibu kulitamka: miaka ambayo panya wa mashambani wametulia, wanaotumia mkono wa kulia na wanaotumia wa kushoto hukaribiana idadi; kabla hawajafumuka, wa kushoto huzidi. Mwalimu wa baiolojia husema ni kwa sababu ya damu ya panya mama aliyeshiba. Mwalimu wa dini ana maelezo yake. Tunachofundishwa kukariri ni kimoja tu: kushoto kukipita sitini kwa mia, zungusha mabati.

Mabati ni kuta laini, zinafika kifuani, na panya hawezi kuziparamia. Shida ni kwamba yapo ya kutosha bonde moja, na mabonde ni mawili, letu la Luhindo na lao akina Tupo. Kwa hiyo kila msimu Mizani husoma mikono, kisha punda wa chuma, zile mashine za kubebea zinazotembea kwa miguu minne na kulia kama sufuria, huyahamishia kwenye hatari kubwa zaidi. Msimu huu mabati yalikuwa kwetu. Kisegese walikuwa wamefika sitini na mbili. Sisi, kwa mujibu wa mirija iliyotunzwa na shule yetu tukufu, tulikuwa na kushoto kumi na tatu kwa mia.

“Kumi na tatu,” Tupo alisema. “Panya wenu wana heshima sana. Wamelelewa.”

“Na mwalimu mkuu,” nikasema.

Tulicheka. Kisha panya akaja, tukanyamaza.

Ilikuwa mapema, kengele ya chai haijalia, na jua lilikuwa bado upande wa pili wa bweni. Panya huyu alikuwa mdogo, wa rangi ya vumbi. Aliusogelea mrija uliokuwa kwenye kona, umebanana na ukuta upande wake wa kulia. Akainua mkono wa kushoto. Ukuta haukumruhusu kusogea kulia, kwa hiyo mrija ulikuwa mbali na bega lake la kushoto. Ikabidi aupitishe mkono mbele ya kifua, ajipinde shingo na kiuno, mkia umesimama. Punje ikamponyoka. Akajaribu tena. Ikamponyoka tena. Akatulia kidogo, kama mtu anayehesabu hasara, kisha akaingiza mkono wa kulia, akavuta punje, akaondoka.

Jicho likaandika: kulia.

Mimi nikabaki na brashi hewani. Nilikuwa nimemtambua. Simaanishi panya mwenyewe, ambaye hatukuwahi kukutana. Namaanisha ule mpindo.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Katika bwalo letu chai hutolewa kwenye tundu la kona, dogo, lililowekewa nondo tangu mikate ilipoanza kupungua, na sasa hupita mkono mmoja tu. Ukuta uko kulia kwako. Kidato cha kwanza nilijipinda kama yule panya, nikamwaga chai, nikaungua, nikazomewa. Baada ya wiki chache nikaanza kupokea kwa kulia, na Mama Kuziwa, mpishi mkuu, akamtangazia kila mtu kwamba nimeongoka. Sikuwa nimeongoka. Nilikuwa na njaa.

“Tupo,” nikasema, “hebu angalia mirija yote iko wapi.”

Aliangalia. Mirija yote ya shule, kutoka bweni la kwanza hadi banda la kuku, ilikuwa imebanwa kwenye kona, ukuta kulia, imenyooka kama askari. Maelekezo ya Mizani, yaliyochapishwa kwenye kila boksi, yalisema iwekwe mahali pa wazi. Lakini shule ya bweni haina mahali pa wazi. Ina mistari. Jumamosi kuna ukaguzi, na kwenye ukaguzi ndoo hugusa ukuta, viatu hugusa ukuta, vitanda hugusa ukuta, na kitu chochote kilichosimama katikati ya njia hunyang’anywa. Mirija ilipoletwa, mwalimu mkuu aliiona imesambaa uwanjani, akaumia moyo, akaamuru ipangwe.

“Basi hatujui chochote,” Tupo alisema taratibu. “Hiyo kumi na tatu si ya panya. Ni ya ukuta.”

Nilienda ofisini nikiwa na ndoo yangu, ili nionekane mtiifu. Mwalimu mkuu alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Ijumaa ilikuwa inakuja, na Ijumaa Bi Eliaichi Mbwambo wa Mizani, pamoja na madiwani na wachungaji na mashehe na mtu wa kupiga picha, wangekuja kuitangaza Luhindo kuwa Bonde Tulivu na shule yetu kuwa Shule ya Mfano. Kisha punda wa chuma wangechukua mabati.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lingenipa moyo kama asingekuwa anatabasamu.

“Semeni. Ni wewe uliyemtia mwanzilishi sharubu?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Ni wewe uliyetangaza kwenye kipaza sauti kwamba maharage yamefariki na mazishi ni saa saba?”

“Ndiyo, mwalimu. Na saa saba tuliyazika.”

“Na sasa unataka niamini kwamba panya wamenidanganya?”

“Hapana, mwalimu,” nikasema. “Wamekutii.”

Tabasamu likaondoka. Nilijua nimepita mpaka, na nilijua pia kwamba ningepita tena kama angenirudisha nyuma.

“Nje,” alisema. “Na adhabu ya mirija imeisha. Kuanzia leo uko jikoni hadi wageni waondoke. Ukiigusa mirija ile, au ukimsemesha mgeni yeyote, unarudi nyumbani hadi mvua za mwakani.”

Jumatano ilikuwa siku ya wazazi. Mama alikuja na mihogo ya kuchemsha na kanga iliyolowa hadi magotini, kwa sababu shamba letu liko chini tu ya shule na alitoka huko moja kwa moja. Tuliketi kwenye ngazi za bwalo, mimi, yeye na Tupo. Kutoka pale tuliweza kuona mpunga, kijani kinachoelekea dhahabu, na kuta za mabati zikimeta pande zote. Punda wa chuma walikuwa wamekwisha wasili. Walisimama mstari mmoja karibu na daraja, wamekunja miguu, wanangoja amri.

“Panya wapo wengi, mama?” nikamuuliza.

“Kila tuta lina shimo jipya,” alisema. “Nje ya bati, juzi nilikanyaga pahali mguu ukazama hadi kifundoni. Ardhi imetobolewa kama ungo.”

“Na umesema?”

“Nimwambie nani? Mizani imesema wametulia. Mimi ni Mama Semeni, si Mizani.” Alimmenyea Tupo kipande cha muhogo, akampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kwa adabu. “Wa kwenu hawajambo, mwanangu?”

“Hawajambo, mama. Wanasubiri mabati.”

“Wayapate tu,” mama akasema. “Panya hawachagui mwana wa nani.”

Aliposimama kuondoka alitazama vidole vyangu vya miguu. Hakujua kwamba ametazama. Hufanya hivyo hadi leo.

Tulibaki mimi na Tupo na maganda ya mihogo. Nilikuwa na wazo tangu asubuhi, na lilikuwa wazo baya kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Kila jengo lina kona mbili. Usiku mmoja wa kazi, mirija yote ihamie kona ya pili, ukuta uwe kushoto kwa panya. Hata panya wa kulia angelazimika kujipinda au kutumia kushoto. Hadi Ijumaa Mizani ingepiga kelele, mabati yangebaki Luhindo, na hakuna ambaye angejua.

“Unafikiria kuihamisha,” Tupo alisema.

“Sijasema kitu.”

“Una uso wa siku ya sharubu.”

Nikamwambia. Sikumficha, maana ningemficha vipi mtu ambaye kitanda chake kiko juu ya changu?

Tupo aliokota ganda, akalivunja vipande vidogo. “Mabati yakibaki huku,” alisema, “bibi yangu ana nini? Ana fagio.”

“Na yakienda kwenu, mama yangu ana nini?”

“Najua.”

“Sitaki wenu waliwe, Tupo.”

“Najua hilo pia. Ndiyo maana sijakupiga.” Alivitupa vile vipande. “Sikutishi kwamba nitakusemea kwa mwalimu. Ukihamisha, sitasema. Lakini nitajua. Na ukija kwetu likizo utakula kwa bibi, naye atakuchinjia kuku, kama amebaki kuku.”

Hapo ndipo wazo langu lilipofia. Napenda kusema lilikufa kwa hoja za maadili, zile za somo la uraia. Lilikufa kwa sababu ya kuku wa bibi yake Tupo.

“Hatujui nani ana panya wengi kuliko mwenzake,” nikasema. “Kwenu tunajua. Kwetu hatujui.”

“Kwetu mirija iko kwenye vigingi, uwanjani. Shule yetu haina kuta za kutosha kuiharibu.”

“Basi na ya huku ikae uwanjani ihesabiwe upya. Ikisema yaende Kisegese, yaende.”

“Kweli?”

“Kweli. Nitalia, lakini yaende.”

“Nani atakubali ihesabiwe upya? Umekatazwa kusema na wageni.”

“Nimekatazwa kusema,” nikamwambia. “Sijakatazwa kuwapa chai.”

Bwalo letu lina matundu mawili ya chai. La kona ya kulia ndilo linalotumika. La kona ya kushoto lilifungwa zamani, enzi za wavulana na wasichana kupanga foleni mbalimbali, nalo lina nondo zilezile na upana uleule, ila ukuta uko kushoto kwako. Na mwalimu mkuu, kwa hisani yake, alikuwa ameamua kwamba wageni watapanga foleni ya chai kama wanafunzi, ili mpiga picha apate picha za usawa.

Ijumaa, Mama Kuziwa alipapasa msumari unaotundikwa funguo.

“Ufunguo wa tundu la kulia uko wapi?”

“Umepotea, mama.”

“Umepotelea wapi?”

“Ningejua usingekuwa umepotea.”

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguuni, akaishia kwenye soksi yangu. “Mguu wako mmoja umenenepa,” alisema. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kufungua tundu la kushoto, akinung’unika kwamba mwaka huu hata miguu inajiotea tu.

Kazi ya Tupo ilikuwa jicho. Watu wa Mizani walikuwa wameleta moja la maonyesho, limeunganishwa na ubao mkubwa unaong’aa ukutani, ili wageni waone mrija unavyosoma. Tupo ni mrefu kuliko walimu wetu wawili. Wakati wimbo wa shule unaimbwa na kila mtu anatazama mbele, alilichomoa kwenye mrija wa maonyesho akalibandika juu ya tundu la chai. Jicho halimjui panya wala mheshimiwa. Linajua mkono.

Foleni ikaanza. Wa kwanza alikuwa diwani. Aliinua mkono wa kulia, ukagonga hewa mahali ambapo tundu halikuwepo, akasita, akaingiza wa kushoto.

“Samahani, mkono wa kushoto,” akamwambia Mama Kuziwa, kama alivyofunzwa na mama yake.

“Haidhuru, baba.”

Wa pili. “Samahani, kushoto hiyo.” Wa tatu, shehe, akajaribu kujipinda kwa heshima zote, akamwagia chai kanzu, jicho likamwandika kulia; nilimwonea huruma na nilimheshimu. Wa nne. “Samahani, mama, mkono.” Mchungaji. “Samahani kwa kushoto.” Hadi foleni inafika katikati, bwalo zima lilikuwa linaomba radhi kwa Mama Kuziwa, naye anasamehe kila mmoja kwa ukarimu wa askofu.

Bi Mbwambo alikuwa wa mwisho. Ni mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyoning’inia kifuani na viatu vya kutembelea matope, jambo ambalo kwa mgeni rasmi lilinishangaza. Aliingiza mkono wa kushoto, akaushika mgongo wa kikombe, na kabla hajasema samahani ubao ukapiga king’ora.

Herufi zilikuwa ndefu kama vitanda.

LUHINDO. KUSHOTO TISINI NA SITA KWA MIA. ONGEZEKO KUBWA LATARAJIWA KABLA YA MAVUNO. ZUNGUSHA MABATI.

Mtu mmoja akacheka nyuma, akajuta. Madiwani walitazama mikono yao, kila mmoja na kikombe kwenye mkono usio wake, na mmoja wao akahamisha chai upande wa kulia polepole, kana kwamba ubao ungeweza kumsamehe.

“Nani kafanya hivi?” mwalimu mkuu aliuliza. Hakupaza sauti. Ile ndiyo sauti yake mbaya zaidi.

Nilitoka nyuma ya jiko na mwiko mkononi. “Mimi, mwalimu.”

“Na mimi,” Tupo alisema kutoka mlangoni.

“Semeni, nilikukataza kumsemesha mgeni.”

“Sijamsemesha, mwalimu. Mizani ndiyo imewasemesha.”

Bi Mbwambo alikuwa bado anatazama ubao. Kisha akalitazama tundu. Akaweka kikombe chini, akasimama mbele ya tundu, akainua mkono wa kulia, akauteremsha, akainua wa kushoto. Akatazama kona ya pili, tundu lililofungwa.

“Kwa kawaida mnatumia lile?” akaniuliza.

Nikamtazama mwalimu mkuu.

“Nimekuuliza wewe,” Bi Mbwambo alisema.

“Lile, mheshimiwa. Ukuta kulia.”

“Na wewe ni wa mkono gani?”

“Kushoto.”

“Chai umekuwa ukipokea kwa mkono gani?”

“Kulia. Miaka mitatu.”

“Aliongoka,” Mama Kuziwa aliongeza kutoka ndani ya tundu, kwa uchungu wa mtu aliyetapeliwa.

Bi Mbwambo akavaa miwani. “Nipeleke kwenye mirija.”

Tulitoka wote, wageni na vikombe vyao. Kwenye kona ya bweni la kwanza alichutama matopeni, akaweka kidole cha kushoto kwenye mdomo wa mrija, akapinda bega, akaona. Alikaa vile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akainuka akauliza swali ambalo sikulitarajia.

“Kila jengo lina kona ya pili. Mngeihamishia huko, Mizani ingelia, mabati yangebaki kwenu. Wazazi wako wanalima humu?”

“Mama analima pale chini.”

“Basi kwa nini hukuihamisha? Hakuna ambaye angejua.”

“Tupo angejua,” nikasema. “Anatoka Kisegese.”

Alimtazama Tupo, kisha mimi. Hakutusifu. Alimgeukia mtu wake akasema sherehe imeahirishwa, mirija ing’olewe ukutani ipigwe kwenye vigingi uwanjani, hatua kadhaa kutoka kwa kitu chochote chenye unyoofu, na hesabu ianze upya.

“Na mabati?” mwalimu mkuu aliuliza.

“Punda hawavuki daraja.”

“Mheshimiwa, uwanja wangu,” mwalimu mkuu alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. “Vigingi vitasimama ovyo.”

“Ndiyo,” Bi Mbwambo akamwambia. “Hivyo ndivyo panya walivyo.”

Jioni ile mimi na Tupo tulikaa kwenye ngazi tukiangalia uwanja uliojaa vigingi vilivyopinda, kila kimoja na mrija wake, na nje ya shule ule mstari wa punda wa chuma waliokunja miguu. Kila panya alipotoka kwenye nyasi, mmoja wetu alikuwa anaomba ainue mkono wa kushoto na mwingine anaomba ainue wa kulia, na hatukuambiana nani anaomba nini. Nadhani tulibadilishana mara kadhaa.

Hesabu ilitoka Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi. Bi Mbwambo aliisoma mwenyewe, bila ubao. Kisegese, sitini na mbili. Luhindo, sitini na nne.

Nikasikia Tupo akivuta pumzi. Mimi sikuweza.

“Mabonde yote mawili,” Bi Mbwambo alisema. “Mabati ni ya bonde moja, na mengine hayapo, nimeuliza kila nilipoweza kuuliza. Yatagawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya mpunga wa kila bonde itazungushiwa. Nusu nyingine ivunwe sasa, kabla haijakomaa sawasawa. Mtapoteza. Kisegese nao watapoteza. Hakuna atakayepoteza wote.”

Chini, karibu na daraja, punda wa chuma walianza kuinuka mmoja baada ya mwingine, wakilia kama sufuria. Nusu yao waligeuka kuelekea milimani. Nusu walirudi mashambani. Nilitafuta kanga ya mama kati ya watu waliokuwa wanashuka na mundu, nikaiona, na nikaona kwamba shamba letu liko upande utakaovunwa mbichi.

Nilikuwa nimeahidi kulia. Sikulia. Tupo alinishika mkono, sikumbuki upi.

Bi Mbwambo alipoondoka, mwalimu mkuu akapanda jukwaani. Uso wake ulikuwa umechoka. Nyuma yake vigingi vilikuwa vimesimama kila upande kama meno ya kikongwe.

“Sayansi ni sayansi,” alisema, “na nidhamu ni nidhamu. Semeni Kobelo, njoo mbele.”

Nikaenda.

“Umeiba ufunguo wa shule. Umewaaibisha wageni. Wazee wamepokea chai kwa kushoto mbele ya picha. Utaomba radhi hapa, mbele ya wenzako, au utarudi nyumbani hadi mvua za mwakani. Chagua.”

Naijua ile radhi; nimeitoa mara nyingi, ina maneno mazuri, na hakuna aliyewahi kuumia kwa kuitoa. Ingenichukua pumzi moja. Lakini nilifikiria yule panya mdogo wa rangi ya vumbi, aliyejaribu mara mbili kisha akakubali, na jicho likaandika kwamba hivyo ndivyo alivyo.

“Mwalimu,” nikasema, “naomba radhi kwa sharubu. Naomba radhi kwa shehe, kwa sababu ya kanzu. Kwa mengine nitarudi nyumbani. Mama anavuna wiki hii, anahitaji mikono. Hatachagua.”

Kuna mtu alikohoa. Kuna mwingine, nadhani Mama Kuziwa, alicheka ndani ya aproni.

Mwalimu mkuu akanyoosha kiganja. “Ufunguo.”

Niliinama, nikautoa kwenye soksi. Ulikuwa na joto la mguu wangu. Nikampa kwa mkono wa kushoto, nikimtazama machoni, na tukasubiri wote, yeye na mimi na gwaride zima, lile neno linalosemwa baada ya hapo.

Sikulisema.